Glavu za Lincoln Machoni pa Kijana

Abraham Lincoln aliapishwa kuwa rais wa Marekani mjini Washington tarehe 4 Machi 1861. Majimbo 7 ya kusini yalikuwa yamekwisha kujitenga na nchi, na walenga shabaha wa Jenerali Winfield Scott walikuwa wamejipanga juu ya mapaa kumlinda. Kwenye dansi ya usiku ule alikuwepo Henry Adams, mwenye miaka 23, katibu wa baba yake mbunge na huku akijisomea sheria. Katika kumbukumbu zake alieleza alichokiona: mtu mrefu asiye na madaha, uso wenye makunyanzi mazito, mawazo nusu yako mbali na nusu yanahangaika na glavu nyeupe. Dalili ya nguvu hakuiona.

Wapo wanaosema ushahidi huo ni wa kuwekwa kando, na hoja yao si nyepesi. Adams aliandika baada ya miaka zaidi ya 40. Babu yake na baba wa babu yake walikuwa marais, na baba yake alikuwa rafiki wa William Seward, aliyebwagwa na Lincoln katika uteuzi wa chama. Kijana wa nyumba hiyo angemtazamaje mwanasheria wa Illinois?

Hata hivyo, hotuba ya Lincoln ya siku ile kila mtu anaweza kuisoma leo. Isichoweza kutupa ni jinsi Lincoln alivyoonekana kabla hajawa Lincoln tunayemjua. Sisi tunamtazama tukiwa tayari na hotuba yake maarufu ya Gettysburg ya wakati wa vita na tangazo la 1863 la kuwaachia huru watumwa. Ukubwa tunaouona usoni pake tumeupeleka sisi wenyewe. Adams anasema aliutafuta, akaukosa. Tena anaongeza jambo ambalo mwenye dharau tupu asingeliongeza: kwamba uso ule ulikuwa na maumivu ya mtu anayejifunza na anayejua bado hajajua, maumivu yaleyale aliyokuwa nayo yeye kijana.

Na hakuwa peke yake. Tarehe 1 Aprili Seward, sasa waziri wa mambo ya nje na mwanasiasa mzoefu kuliko wote serikalini, alimwandikia rais kwamba mwezi umekwisha bila sera, akadokeza kuwa yuko tayari kuishika kazi hiyo. Mkongwe huyo aliona udhaifu uleule. Lincoln akamjibu kwamba kama lipo la kufanywa, atalifanya mwenyewe. Siku 11 baadaye mizinga ikalia kwenye ngome ya Fort Sumter, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza.