Je, Watembea kwa Miguu Wanahitaji Mwanasiasa?

Mwanzoni mwa muongo huu, shirika la Marekani liitwalo America Walks, ambalo tangu mwaka 1996 limekuwa likiviunganisha vikundi vya wenyeji vinavyodai miji inayotembeka kwa miguu, lilimkabidhi ukurugenzi mtendaji Mike McGinn, wakili na mwanaharakati wa mazingira aliyekuwa meya wa Seattle kuanzia 2010 hadi 2013. Aliyemtangulia, Kate Kraft, alitokea upande wa afya ya jamii. Tofauti hiyo ina uzito kuliko sifa binafsi za yeyote kati yao, kwa kuwa inahusu swali lenyewe la shirika: mtu anaposhindwa kutembea salama mtaani kwake, kinachokosekana ni elimu au ni uamuzi wa wenye mamlaka?

Watu wa afya walikuwa na hoja nzito. Kutembea hupunguza hatari ya maradhi ya moyo na kisukari, na hoja ya namna hiyo haina mpinzani: daktari, mwalimu na mbunge wa chama chochote wanaweza kuikubali, na wafadhili hawana sababu ya kuiogopa. Udhaifu wake ni kwamba jambo lisilo na mpinzani halimlazimishi mtu yeyote kuachia kitu. Mwaka 2009 watembea kwa miguu 4,109 waliuawa katika ajali za barabarani nchini Marekani. Mwaka 2022 idadi ilipita 7,500. Ongezeko hilo lilitokea katika miaka ambayo wataalamu walikwisha kujua kwamba mwendo kasi, barabara pana na magari yenye boneti ndefu kwenda juu ndivyo vinavyoua. Ujuzi ulikuwapo, na vifo vikapanda.

Mfano wa karibu uko katika mji wa McGinn mwenyewe. Barabara ya Aurora inapita kaskazini mwa Seattle, ina njia kadhaa kila upande, imezungukwa na maduka, moteli na nyumba za kupanga, na kuna sehemu zake za kaskazini ambazo hazina kabisa njia ya waenda kwa miguu. Mtu anaposhuka kwenye basi huona nyumba yake ng'ambo, lakini huenda kivuko chenye taa kikawa mbali, naye hupima kwa macho kama atawahi kuvuka kabla magari hayajamfikia. Kumhubiria mtu huyo faida za kutembea ni kumdhihaki, maana anatembea tayari. Aurora pia ni barabara kuu ya jimbo, kwa hiyo meya hawezi kuamka asubuhi na kuibadilisha apendavyo. Ni lazima azungumze na idara ya uchukuzi ya jimbo, madiwani, wenye maduka na shirika la mabasi. Ujuzi wa mazungumzo hayo hupatikana kwa kuyafanya, na kwa kushindwa ndani yake.

Hapo ndipo ninapoona faida ya kumchagua mtu aliyewahi kushika madaraka. McGinn akiwa meya, jiji lilipunguza njia za magari katika mtaa wa Nickerson kutoka nne hadi mbili, likaweka katikati njia ya kukatia kona na kuongeza vivuko. Makelele yalikuwa makubwa; yakadaiwa kuwa ni vita dhidi ya magari. Baadaye tathmini ya jiji ilionyesha kwamba ajali na mwendo kasi vilipungua.

Hata hivyo, makelele hayo hayakuisha bila gharama. McGinn alipinga handaki la magari chini ya katikati ya jiji, wapiga kura wakaliunga mkono katika kura ya maoni ya Agosti 2011, na mwaka 2013 wakamwondoa madarakani. Kwa hiyo wanaosema kwamba mwanasiasa huja na maadui zake hawasemi uongo. Mwanachama wa kikundi kidogo katika jimbo la kihafidhina, anayeomba njia ya miguu kati ya shule na kanisa, anaweza kujikuta anaulizwa kuhusu siasa za Seattle ambazo hazimhusu. Sheria nayo inabana: mashirika ya aina hii, yanayosamehewa kodi, yamekatazwa kabisa kumpigia kampeni mgombea, na ushawishi wao kwa wabunge una mipaka. Mwanasiasa anaingia katika kazi ambayo silaha yake kubwa, yaani kura, hawezi kuigusa waziwazi.

Kwa maoni yangu, faida zimezidi hasara pale shirika lilipoacha kuomba na kuanza kuzungumzia haki. Kampeni ya kuondoa adhabu kwa wanaovuka barabara nje ya kivuko ni mfano mzuri, kwani inawavuta wanaochukizwa na faini za polisi zinazowaangukia zaidi watu weusi, na wakati huohuo inamgusa mhafidhina asiyependa serikali impangie pa kukanyaga. California ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2022, ikaanza kutumika Januari 2023. Muswada wa kufanana nayo katika jimbo la Washington, nyumbani kwa McGinn, ulikwama mwaka huohuo wa 2023, jambo linaloonyesha kwamba kufahamiana na wakubwa hakutoshi. (Msomaji wa Nairobi anayekumbuka misako ya polisi dhidi ya wanaokwepa madaraja ya waenda kwa miguu ataelewa haraka mjadala huu unahusu nini.)

Wasiwasi wangu uko kwingine. Nguvu ya America Walks haijawahi kuwa makao makuu yake. Iko kwa watu wa kawaida wanaopitia mafunzo yake ya uongozi na vikundi vinavyopewa ruzuku ndogo, ambazo kwa miaka kadhaa zilikuwa dola 1,500 tu. Kiongozi mwenye jina huvutia macho kuelekea serikali kuu, na huko mambo hugeuka ghafla: mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta fedha ambazo hazijagawiwa katika mojawapo ya mifuko ya kuunganisha upya mitaa iliyokatwa na barabara kuu. Fedha hizo zinapokauka, uamuzi unarudi kwa majimbo na halmashauri za miji, mahali ambapo meya wa zamani anapafahamu vizuri, lakini ndipo pia ambapo shirika limezoea kutuma ruzuku ndogo tu.