Waya mmoja au nyaya mbili mbele ya chumvi ya Lamu

Mwenye nyumba ya wageni Mkomani akitaka kamera nne za ulinzi, ubishi wa kwanza kati yake na fundi huwa ni juu ya waya. Umeme na picha vipite pamoja kwenye kebo moja ya mtandao, au kila kimoja kiwe na njia yake?

Kwa nyumba zetu za mawe, hoja ya waya mmoja ina uzito. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene, na mji mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Kila tundu linalotobolewa ni jeraha, na mimi hutoboa kwa uchungu. Tundu moja ni bora kuliko mawili.

Kuna na hesabu ya umeme wenyewe. Kamera ya wati 6 ikilishwa kwa volti 12 inavuta nusu ampea. Ikilishwa kwa volti 48, kama mfumo wa kebo ya mtandao unavyofanya, inavuta robo ya hapo, na umeme unaopotea njiani ukiwa joto kwenye waya ule ule unashuka hadi sehemu moja ya 16. Ndiyo maana kamera ya volti 12 iliyo mbali, kwa waya mwembamba, huonyesha vizuri mchana ikazimika usiku taa zake zinapowaka. Kiwango cha mwaka 2003 cha kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao kinatoa wati 15.4 kwenye swichi, yaani kifaa kinachounganisha kebo za kamera na kuzilisha umeme, cha 2009 wati 30, kwa umbali wa hadi mita 100. Kamera ya kawaida inatosheka na cha kwanza. Tena swichi inayofuata kiwango hupima kwanza kama kilichochomekwa kinahitaji umeme, ndipo iutoe. Vile vibox vya bei nafuu vya volti 24, vinavyoingiza umeme kwenye kebo, haviulizi. Umeme upo kwenye pini saa zote.

Hapo ndipo wapinzani wa waya mmoja wanaponishika, na wana haki. Msimu wa kusi nilishusha kamera moja iliyotazama bahari, ikilishwa na kibox cha aina hiyo. Kichwa cha RJ45, yaani plagi ya pini nane ya mwisho wa kebo ya mtandao, kilikuwa na unga wa kijani. Pini ya 4 na ya 5, zinazobeba chanya, zilikuwa zimelika hadi plastiki. Ya 7 na ya 8, za hasi, bado zilikuwapo. Unyevu wa chumvi ukikaa kati ya pini zenye umeme, mkondo mdogo hupita, na shaba ya upande wa chanya ndiyo inayoyeyuka. Pini ya data pekee ingelika polepole zaidi. Na kwa waya mmoja, kichwa kikifa vyote vimekufa: picha na umeme.

Lakini kutenganisha si kinga. Ile plagi ya duara ya volti 12 nayo huliwa, ila kuibadilisha kunataka bisibisi tu, wakati RJ inataka koleo lake na mkono uliozoea. Kwa nyumba ya Kizingitini, ambako fundi hufika kwa boti, hilo si jambo dogo.

Msimamo wangu: ndani ya mji, waya mmoja, wa shaba tupu. Zile za alumini iliyopakwa shaba zinapoteza umeme zaidi na huvunjika kwenye kichwa. Kiungio kiingie kwenye kisanduku kisichopitisha maji, tundu likitazama chini, kebo ikilegezwa kidogo kabla ya kuingia ili matone yaangukie nje. Na swichi izimwe kabla ya kuchomoa, maana cheche huchoma dhahabu ya pini. Gatini, mawimbi yanaporuka, ningetenganisha: umeme utoke kwenye betri ya hapo hapo, data ipite kwa faiba, ambayo kioo chake hakina shaba ya kuliwa.

Mteja akilalamikia bei ya visanduku, humwambia tufunge kamera tatu badala ya nne, visanduku vibaki.