Msiwapige picha na unga, mlipeni mtu wa kukaa na mke wa mjeshi

Juzi zimezunguka picha kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku kwetu Likoni mpaka nimechoka kuzifungua. Kampuni moja, sitaitaja, iliwaita wajane na wake za wanajeshi wa Kenya waliotumikia Somalia, ikawakalisha kwenye hema tangu asubuhi, mgeni rasmi akaja saa saba mchana, akahutubu, akashika ile hundi kubwa ya kadibodi, halafu kila mama akapewa pakiti za unga, mafuta ya kupikia na leso iliyochapwa nembo ya kampuni. Yaani mjane avae tangazo la biashara. Wakapangwa mstari wapigwe picha na wakaambiwa watabasamu, na mmoja pale namjua vizuri, mumewe hakurudi kutoka El Adde, ile kambi ya jeshi letu Somalia iliyovamiwa na al-Shabaab, ukiitazama ile picha unamuona amejikunyata nyuma ya mwenzake uso hauonekani, na mimi nikashikwa na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha.

Unga unaliwa, sawa. Nyumba isiyo na unga huwezi kuihubiria mambo mengine. Lakini unga ni wa wiki mbili, na tuko kwenye jambo hili tangu Oktoba 2011 wanajeshi wetu walipovuka mpaka kwa Operesheni Linda Nchi. Mwaka uliofuata wakaingia AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, Kismayu ikachukuliwa, tukashangilia. Halafu ikaja El Adde tarehe 15 Januari 2016, halafu kambi ya Kulbiyow nayo ikavamiwa Januari 2017, halafu AMISOM ikawa ATMIS, ATMIS ikawa AUSSOM, majina yanabadilika na vijana wanaenda na kurudi, wanaenda na kurudi. Hiyo El Adde mpaka leo serikali haijatoa orodha kamili ya waliokufa. Marais walikwenda Eldoret kwenye ibada, Uhuru, Buhari wa Nigeria na Hassan Sheikh wa Somalia, wakasimama na familia, na ilikuwa heshima kweli, siwezi kuibeza. Ila ibada iliisha jioni ile ile na familia zikarudi zao nyumbani.

Lakini leo nataka hasa kumsema yule aliyerudi. Aliyerudi na miguu miwili, mikono miwili, hana hata kovu la kumuonyesha mfadhili. Huyu hakuna anayemchangia.

Nina jirani ambaye mumewe alikwenda Somalia zaidi ya mara moja kisha akatoka jeshini. Mtu mpole, alikuwa akiwafundisha vijana wa mtaa mpira. Aliporudi akaacha mpira. Akaacha kulala usiku, analala mchana akiwa amekaa kwenye kiti kimeelekezwa mlangoni. Tairi ya matatu ikipasuka barabarani anakuwa chini kabla wewe hujajua ni nini. Msimu wa harusi vijana wakilipua fataki yeye hutoka mtaani kabisa, anakwenda kushinda Shelly Beach peke yake mpaka usiku. Mke akadhani ni mwanamke mwengine. Mama mkwe akasema ni jini, akaitwa sheikh wakasoma, halafu akaitwa mganga kutoka huko bara, na kila mmoja alilipwa, na pesa za kiinua mgongo zikapungua, na usingizi haukurudi. Siku moja huyo mke aliniambia, "Dadangu, mimi sitaki kitu cha mtu. Nataka mtu mmoja tu wa kumuuliza, hivi ndivyo wanavyokuwa wakirudi, ama ni wangu pekee yake?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna hata shilingi moja ya hisani iliyopangwa kulijibu. Huyo mama anafanya kazi ya nesi, ya kaunsela, ya mlinzi na ya baba wa watoto, bila mshahara, bila mafunzo, na bila ruhusa ya kulalamika kwa sababu akilalamika ataambiwa anamuaibisha shujaa. Anajua kutoka kwa vile mume anavyoweka kikombe chini kama leo watoto wacheze ndani au nje. Anajua ni habari gani za TV zizimwe kabla hajaingia. Anamficha kwa majirani, kanisani au msikitini anasema "hajisikii vizuri," na kwa watoto anasema "baba amechoka." Miaka. Na ikifika siku mume ameinua mkono kumpiga, na inafika, tusidanganyane, yuko katikati ya kumuogopa na kumuonea huruma na kuogopa kumpeleka polisi mtu ambaye anajua ni mgonjwa. Simtetei anayempiga mkewe, mgonjwa au si mgonjwa, na huyo mama ana haki ya kuondoka. Nasema tu kwamba kama kungekuwa na mtu wa kumpigia simu miezi sita kabla, pengine ule mkono usingeinuka.

Na jambo la kujiua ndilo lilikuwa linafichwa zaidi, manake mpaka juzi juzi ukijaribu kujiua na usife ulikuwa mhalifu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mahakama Kuu imekuja kusema kinakwenda kinyume na katiba Januari 2025. Hebu fikiria miaka hiyo yote mke amemkuta mumewe na kamba, atamwambia nani? Akipiga simu ya msaada ameita pingu.

Sasa mtu ataniambia matibabu ya akili ni ghali, madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache na wako Nairobi. Ni kweli ni wachache. Lakini hiyo si sababu ya kununua unga. Kuna njia iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, inaitwa PM+ (Problem Management Plus), ya kumsaidia mtu kwa mazungumzo akabiliane na msongo na matatizo yake, vikao 5 tu, na ilifanyiwa majaribio hapa hapa Kenya, viungani mwa Nairobi, kwa akina mama ambao wengi wao walikuwa wamepitia ukatili. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, watu wa mtaa wenye masomo ya kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi kisha wakasimamiwa vizuri. Matokeo yalitoka 2017 na wale akina mama walipata nafuu kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida tu. Zimbabwe nako, daktari Dixon Chibanda alianza Mbare, Harare, mwaka 2006, na akina nyanya, yaani mabibi wazee. Nyanya anakaa kwenye benchi nje ya kliniki, mtu anakuja anakaa pembeni yake, wanaongea, anamsaidia kulitafuta tatizo moja la kuanza nalo. Wakapima kwa utafiti, inafanya kazi. Kwa hiyo ujuzi upo, na umepimwa kwa watu wanaofanana na sisi, kwenye mitaa inayofanana na mitaa yetu. Kinachokosekana ni mtu wa kuwalipa hao wahudumu kila mwezi, nauli, kadi ya simu, na mtaalamu wa kuwasimamia ili nao wasivunjike. Hizi PM+ na benchi si dawa ya kila kitu, kuna askari anayehitaji daktari kabisa na dawa kabisa, lakini mtu wa mtaani aliyefundishwa ndiye atakayejua yupi wa kupelekwa hospitali leo usiku.

Mimi ningeanza na wajane na wake za wanajeshi wenyewe. Wale akina mama waliokalishwa kwenye hema, chagua kati yao wanaotaka, wafundishe, walipe mshahara wa heshima, na kila mmoja awe na nyumba kadhaa za kutembelea. Mke wa askari hawezi kumficha mke wa askari mwenzake. Atakuja akae jikoni amsaidie kuchambua mchicha na yote yatatoka hapo hapo.

Huko Marekani wameshaligundua hili. Elizabeth Dole, aliyekuwa seneta, alikaa miezi hospitali ya Walter Reed mumewe Bob Dole akiuguzwa, akawaona wake na mama za askari wanavyoteseka kwenye korido, akaanzisha taasisi yake mwaka 2012 kwa ajili ya hao wanaouguza na si wale wanaouguzwa. Mwaka 2014 utafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya huko huko, ukakadiria wanaowauguza wanajeshi na wastaafu huko ni watu milioni 5 na nusu. Marekani ina wizara nzima ya wastaafu wa jeshi na mabilioni yake, na bado ilihitaji hisani imuone mke. Sisi huku hata kuwahesabu bado.

Na hapa ndipo watu wa kampuni wanaponikera zaidi, muda. Wanatoa kwa mwaka wa fedha. Mradi wa miezi 12, ripoti, picha, kwaheri. Mtu aliyeona aliyoyaona Gedo, huko Somalia iliko El Adde, anaweza kukaa sawa miaka mitatu halafu akaanguka wa nne. Sisi watu wa pwani tunajua dawa ya hilo tangu mababu, mtu alikuwa anaweka nyumba wakfu, kodi yake inasomesha watoto au inatunza msikiti, na yeye amekufa zamani kodi bado inaingia. Tuna mpaka Tume ya Wakfu iliyoundwa kwa sheria. Kwa nini hakuna nyumba hata moja Mombasa, hata vibanda vinne vya kukodisha pale Kongowea, ambavyo kodi yake ni ya familia za askari, inalipa wale wahudumu wanne watano mwezi kwa mwezi bila kungoja mgeni rasmi? Asiye Muislamu atafute wakili amfungulie amana, ni kitu kile kile. Hizo pesa za hema, viti, spika, maturubali na chakula cha wageni mashuhuri, ukizikusanya kwa sherehe za miaka kadhaa, kibanda unakipata.

Mengine nayataja tu kwa sababu yana watu wanaoyasema vizuri kuliko mimi. Karo, tafadhali, na iendelee mpaka mtoto amalize, si kidato cha kwanza halafu mfadhili hapatikani. Miguu bandia, mtu akikumbuka kwamba mguu unachakaa na unabadilishwa, si wa kupewa mara moja maishani. Kazi kwa waliotoka, kwa sababu mwanamume wa miaka 40 anayejua bunduki tu na hana kazi ni mawindo, tumeshasikia habari za wastaafu wa vikosi wanavyovutwa kwenda kupigana vita vya Urusi kwa ahadi za mshahara.

Na mawakili. Hili acha niliongezee kidogo. Askari ambaye mwili wake haukupatikana, sheria yetu ya ushahidi inataka ipite miaka 7 bila kusikika ndiyo mahakama ichukulie amekufa, isipokuwa kuwe na ushahidi mwingine wa kifo chake. Kwa mama Muislamu, eda aianze lini? Ardhi ya kwao mumewe mashemeji wamekwishaipima. Fidia ikitoka, kuna ndugu wa mume wanaojitokeza ambao kwenye harusi hawakuonekana. Wakili mmoja wa kujitolea anayejua njia ya korti ya kadhi na ya mahakama ya kawaida angewaokoa akina mama wengi kuliko lori la mchele.

Najua kuna watakaosema haya yote ni kazi ya serikali. Ndiyo. Ni kazi ya serikali, iliwatuma wao. Na tuna Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022, inawataja wastaafu na wanaowategemea, na jeshi lina pensheni zake na hospitali yake kule Nairobi, sisemi halifanyi kitu. Jeshi pia lina siri zake, halitampa kila shirika orodha ya majina na makwao, na nakubali, ingawa kwa shingo upande. Lakini siri hiyo hiyo ndiyo inafanya mke akae peke yake, na jirani hahitaji orodha ya jeshi ili kujua nyumba ya pili kuna mtu halali. Hisani iende pale ambapo afisa hafiki, jikoni. Na isiende kuinyamazishia serikali, iende huku inadai ile sheria itekelezwe mpaka kijijini.

Kuna ile sanamu ya askari Nairobi, na mwenzake hapa Mombasa, za enzi za Mwingereza baada ya vita vya kwanza. Ya Nairobi imeandikwa kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Maneno mazito. Na wale wapagazi wa vita hivyo, wa Carrier Corps, walioachia majina mitaa ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, walikufa kwa maelfu kwa maelfu, na mishahara ya wengi wao haikuwahi kuwafikia jamaa zao. Shaba ilipatikana, mshahara haukupatikana. Tumetawaliwa tukajitawala na bado tunapenda sanamu na sherehe kuliko kumfuata mtu nyumbani kwake.

Kwa hiyo, kampuni, msikiti, kanisa, chama cha akina mama, Mkenya ulioko Doha au Minneapolis unayetuma pesa kila Oktoba karibu na Siku ya Mashujaa, ombi langu ni dogo. Mwaka huu usinunue bidhaa. Tafuta watu watano wenzako, chagueni mtaa mmoja wenye wanajeshi, Mtongwe hapa, au Gilgil, au Lanet, au nje ya kambi ya Mariakani. Mlipieni mwanamke mmoja wa mtaa huo mafunzo na mshahara kwa miaka mitano, mumtafutie mtaalamu wa kumsimamia kwa simu kila wiki, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba hakuna picha ya mtu yeyote itakayopigwa. Jirani yangu bado hajapata wa kumuuliza swali lake, na mtoto wake mkubwa ameanza kukaa kwenye kile kiti cha mlangoni baba akiwa hayupo.