Mnangoja Kipepeo Mwekundu?

Tarehe 10 Mei hainipiti salama. Ndiyo siku ya lupasi duniani, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia na kuushambulia mwili wenyewe, na kila mwaka lazima mtu aitupe ile picha kwenye kundi la familia: mwanamke wa Kizungu, mashavu yake yote mawili yameiva nyekundu, wekundu umeunganika juu ya pua kama kipepeo aliyetua. Chini maandishi: "Ukiona hivi, wahi hospitali." Mwaka huu aliyeituma ni shangazi yangu, na vile vimikono vitatu vya sala. Nikaandika jibu refu, nikalifuta, nikaandika "Asante shangazi". Niliyoyafuta ndiyo haya.

Picha hiyo hiyo mimi na mdogo wangu tuliiona zamani, tumejilaza kitanda kimoja, simu moja. Wakati huo alikuwa ameshaanza kuumwa na hakuna aliyejua anaumwa nini. Akainuka, akaenda kwenye kioo, akageuza shavu la kulia, akageuza la kushoto. "Dada, mimi sina." Tukapumua! Lupasi tukaifuta, tukarudi kwenye aleji, tukabadilisha sabuni ya tatu.

Alikuwa nayo, na kipepeo alikuwepo. Ila ngozi yetu ni nyeusi, na juu ya ngozi nyeusi kipepeo huyo mara nyingi havai nyekundu. Huja na kahawia iliyokolea, au zambarau iliyofifia, au weusi tu juu ya weusi. Kwa mdogo wangu kilikuwa kivuli, ungedhani amekaa juani kupita kiasi. Kidole ndicho kilichouona upele kabla ya jicho. Ukikipitisha shavuni unakuta pameinuka kidogo, pamekauka. Ukishuka kwenye ule mstari unaotoka puani kwenda pembe ya mdomo, ghafla ngozi ni laini kama ya mtoto, kwa sababu upele wa lupasi una tabia ya kuuruka mstari huo. Daktari aliyekuja kumtambua hakufanya muujiza wowote. Alimgeuzia uso dirishani, akapitisha kidole, akauliza, "Ukitoka juani hali inakuwaje?" Inazidi, daktari. Siku zote inazidi. Na sisi tulikuwa tunagombana na losheni.

Sasa niambieni. Wanawake weusi hupata lupasi zaidi kuliko weupe, hilo linajulikana miaka na miaka. Halafu picha ya kutufundisha tuitambue ni ya shavu la mtu ambaye hatufanani naye hata kidogo. Nani alikaa kikaoni akaona hiyo ndiyo itatusaidia? Ni sawa na kutafutiwa mtoto aliyepotea kwa picha ya mtoto wa jirani.

Na hata huyo kipepeo mwenyewe, wa rangi yoyote ile, karibu nusu ya wagonjwa hawamwoni maishani mwao. Mwaka 2019 wataalamu wa Ulaya na Marekani walitoa utaratibu mpya wa kuainisha ugonjwa huu kwa pointi: kwanza ANA, kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, kiwe chanya, kisha dalili zikijumlishwa zifike 10. Kipepeo wenu anapewa 6. Viungo vinavyouma na kukakamaa navyo 6. Lakini kinyama cha figo kikichunguzwa kikaonyesha aina kali ya uharibifu wa lupasi, hicho peke yake ni 10, kimemaliza kazi. (Najua, utaratibu huo ulitengenezwa kwa ajili ya utafiti, daktari haketi na kikokotoo mbele ya mgonjwa. Lakini unaona uzito umewekwa wapi.)

Figo haina uso wa kupigwa picha. Mwimbaji wa Marekani Selena Gomez alipandikizwa figo mwaka 2017 kwa ajili ya lupasi, na uso wake ulikuwa unatazamwa na mamilioni kila siku. Nani aliiona figo? Dalili zake ni za chooni, ndiyo maana hazitengenezewi bango: mkojo unaotoa povu, si lile linalopasuka kabla hujafunga mlango, ni povu la kukaa, unamwaga maji na bado lipo. Soksi zinaacha mfereji juu ya kifundo. Unaamka macho yamevimba kama uliyelia usiku kucha. Presha inapanda kwa binti wa miaka 24. Na wakati mwingine hata hayo hayapo, mpaka kile kijiti cha kupimia mkojo kiseme. Kijiti! Mdogo wangu alipimwa damu mara ngapi sijui, malaria, taifodi, malaria tena. Mkojo wake uliangaliwa mwishoni kabisa.

Mengine yalikuwa yakija kwa zamu, kila moja na kisingizio chake. Asubuhi alishika mswaki kwa ngumi, kama anayeshika mchi, vidole vimegoma kukunjuka. Saa sita mchana vimelegea, anachati, kwa hiyo sisi wenye akili tukaamua anajidekeza. Kichomi tukasema ni baridi. Nywele zikabaki kwenye kitana, tukamlaumu msusi. Vidonda vilitoka kwenye kaakaa, haviumi, na kidonda kisichouma nani atakisema? Homa za jioni zisizo na mwenyewe. Uchovu, ah, uchovu: "pumzika, kunywa maji." Alipumzika siku nne akaamka amechoka zaidi.

Na wanaume pia huugua, mmoja katika kila wagonjwa kumi hivi, msiniandikie kwamba ni ugonjwa wa kike.

Haya, niwe mwadilifu, ingawa sitaki. Lupasi inaiga magonjwa mengi, na daktari mwenye foleni ya watu arobaini mlangoni hawezi kuiwaza kila anaposikia "viungo vinauma". ANA nayo si hukumu: karibu kila mwenye lupasi inamtoka chanya, lakini na watu kibao wazima kabisa inawatoka chanya, kwa hiyo usirudi nyumbani na karatasi ukaanza kuaga ndugu. Na shangazi alikuwa na nia njema. Huenda ile picha imemwokoa mtu mahali fulani. Mtu mweupe.

Kilichotusaidia sisi ni daftari la shule, kurasa za nyuma. Mdogo wangu alianza kuandika kwa hasira, ili siku akiambiwa anajidekeza awe na ushahidi: tarehe, kinachouma, kama alitoka juani. Yule daktari alilisoma lote, kimya, huku sisi tunamtazama. Ndipo akamgeuzia uso dirishani.

Mchana wa tarehe 10, chini ya vile vimikono vya shangazi, mdogo wangu akaweka picha yake mwenyewe ya mwaka ule. Lupasi imewaka, kipepeo ametanda shavu kwa shavu, hana hata poda.

Shangazi akajibu baada ya dakika mbili: "Mbona hapo uko sawa tu mwanangu? Umependeza."