Imran Tahir aliipanga foleni ya uraia

Januari 2025, wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars walipopewa uraia wa Tanzania, vijiwe vya kahawa hapa Tabora viligawanyika kati ya waliosema kipaji hakina mpaka na waliosema jezi ya Taifa Stars si ya kugawiwa. Mimi sikukubaliana na upande wowote, na sababu yangu ni mcheza kriketi ambaye wengi pale kijiweni hawajapata kumsikia.

Imran Tahir alizaliwa Lahore mwaka 1979, akaichezea Pakistan katika timu ya vijana wa chini ya miaka 19, lakini mlango wa timu ya wakubwa haukumfungukia. Mapenzi yakampeleka Afrika Kusini, akaoa na kuendelea kutafuta riziki kwa mipira yake ya kuzungusha, huko na katika klabu za kaunti za Uingereza. Januari 2010 wateuzi wa Afrika Kusini walimtaja katika kikosi cha kuikabili Uingereza, kisha ikabainika kwamba alikuwa hajatimiza masharti ya kuiwakilisha nchi hiyo. Jina likaondolewa, naye akasubiri. Alipocheza mechi yake ya kwanza ya siku moja, dhidi ya West Indies mjini Delhi katika Kombe la Dunia la 2011, alikuwa anakaribia miaka 32, na alitoka na wiketi nne, yaani aliwatoa wapigaji wanne.

Safari yake haikuwa nyeupe. Mwaka 2012 mjini Adelaide, Australia ilimpiga mikimbio (pointi) 260 katika ova 37, kila ova ikiwa mipira sita, bila yeye kupata wiketi hata moja, aibu ambayo hakuna mrushaji aliyekuwa ameipata katika mechi moja ya Test, ile ya siku tano. Alirudi. Mwaka 2016 akawa mchezaji wa kwanza wa Afrika Kusini kuchukua wiketi saba katika mechi ya siku moja. Kombe la Dunia la 2019 lilipofunguliwa pale The Oval, nahodha alimkabidhi ova ya kwanza, kazi ambayo kwa desturi hupewa warushaji wa kasi, na kwa mpira wake wa pili akamtoa Jonny Bairstow. Aliondoka mbio, mikono ameitanua, wenzake wakimkimbiza kama kuku aliyeponyoka sokoni. Alikuwa na miaka 40.

Nikimtazama Tahir huwakumbuka majirani zetu wa Ulyankulu, waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakafyeka pori, wakalima tumbaku na kulea wajukuu, na wengi wao hawakupata vyeti vya uraia mpaka mwaka 2014 ulipofika. Mzee mmoja aliwahi kunionyesha chake, kimefungwa ndani ya nailoni mbili, na hakukubali nikishike.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mgeni anayeomba tajnisi, yaani uraia wa kuomba, awe ameishi nchini miaka isiyopungua saba katika kipindi cha miaka kumi, pamoja na miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba. Idara ya Uhamiaji ilieleza kuwa taratibu zilifuatwa kwa wale watatu, na sina ugomvi na vijana wenyewe, ambao walichofanya ni kuomba. Ugomvi wangu ni na foleni mbili, moja ya mkulima na nyingine ya kiungo mkabaji. Wizara ieleze hadharani kila mwanamichezo anayepewa uraia ameishi hapa muda gani na ametumia kifungu kipi, kisha kocha amwite kambini.