Diwani wa jiji zima hana mlango wa kubisha

Nilipohamia Portland, jimbo la Oregon, Marekani, nilimuuliza jirani yangu, mama wa Kikongo aliyenitangulia hapa miaka kadhaa, diwani wetu ni nani. Akacheka. "Baba Neema, hapa hakuna diwani wetu. Wote ni wa jiji."

Mimi nimekulia Kigoma. Kule diwani ni wa kata. Ukimkosa ofisini utamkuta sokoni, na mfereji ukiziba anajua atasemwa hata msibani. Sasa huyu wa jiji zima unambishia hodi wapi?

Tangu 1913 Portland iliendeshwa na meya na makamishna 4, ndio waliokuwa madiwani wa hapa, wote wakipigiwa kura na jiji zima, kila mmoja akipewa idara zake: huyu maji, yule barabara, mwingine zimamoto. Mtindo huo ulianzia Galveston, Texas, baada ya kimbunga cha 1900. Ulikuwa dawa ya dharura, Portland ikainywa zaidi ya miaka mia.

Watetezi wake walisema kila mkazi ana madiwani wote. Maneno matamu. Kampeni ya jiji zima inataka pesa nyingi, na pesa haikai kwetu mashariki ya barabara ya 82. Sehemu kubwa ya huku iliingizwa jijini miaka ya 1980 na 1990, na viongozi waliowahi kutoka huku walikuwa wa kuhesabu. Mtaani kwangu hakuna njia ya waenda kwa miguu. Mvua ya Novemba ikianza, watoto hutembea ukingoni mwa lami na mabegi yao, gari likija wanajibana kwenye uzio hadi lipite, kisha wanakung'uta maji ya dimbwi. Kamishna asiyepita hapo asubuhi atalijuaje hilo?

Novemba 2022 wapiga kura walikubali kuibadili katiba ya jiji: wilaya 4, kila moja madiwani 3. Unawapanga wagombea kwa namba, wa kwanza hadi wa sita, na anayevuka robo ya kura anapita. Hapo kwenye watatu ndipo nilipopapenda. Kiti kikiwa kimoja na aliyekikalia hakutaki, umekwisha hadi uchaguzi ujao. Wakiwa watatu, mmoja akikufungia mlango unakwenda kwa wa pili. Na kundi dogo likishikamana linaweza kupata mtu wake bila kuomba huruma ya walio wengi.

Kasoro ipo. Baraza jipya lilipokutana Januari 2025 kumchagua rais wake, yaani mwenyekiti wa vikao vyake, kura zilikwama 6 kwa 6, zikarudiwa na kurudiwa hadi raundi ya 9. Waliokuwa wanapinga mageuzi wakapata la kusema. Nami nakubali kwamba kuweka madiwani 12 bila kufikiria sare katika kura hiyo ni uzembe. Fundi yeyote wa vikao vya harusi angewaambia. Lakini kugombana hadharani sikuoni kuwa kosa.

Kinachoniuma ni chetu wenyewe. Katika uchaguzi wa kwanza wa mfumo huu, Novemba 2024, wilaya yetu ya mashariki ndiyo iliyojitokeza kidogo kuliko zote 4. Oregon kura huja kwa posta, huhitaji hata kupanga foleni.

Bahasha ya jirani yangu ilikaa juu ya friji, katikati ya bili ya umeme na barua za shule. Siku mbili kabla ya mwisho nilimkumbusha. Akaishusha, akamwita binti yake amsomee majina, taratibu.

"Hawa wote ni wa huku kwetu?"

"Wote wanagombea huku, Mama Furaha."

Akaomba kalamu. Alijaza namba hadi ya tatu, hao wengine akasema hawajui, akailamba bahasha na kuifunga.