Kilo Moja Hupunguza Sekunde Ngapi?

Mtu akipata fedha kidogo za kuiboresha baiskeli yake, swali lake la kwanza huwa ni gramu. Bomba la kiti la kaboni lina gramu ngapi? Kranki, ile mikono inayoshika pedali, ipi nyepesi kati ya hii na ile? Simshangai. Uzito ndio tarakimu inayoandikwa kwenye boksi la kipuri, tena ni tarakimu ambayo mtu yeyote mwenye mizani anaweza kuihakiki. Upande wa pili wapo wanaosema anza na matairi, uje kwenye giya, uweke sawa mkao wako, mambo ya mizani yatakuja baadaye. Hawa huonekana wabahili, au watu wasiojua raha ya chombo kizuri. Mimi naona hawajasikilizwa, na wengi wanaowacheka hawajawahi kupiga hesabu ya mlima hadi mwisho.

Tuipige basi. Mwendeshaji, baiskeli, nguo, viatu na maji, tuseme vyote pamoja ni kilo 85. Mbele yake kuna mlima utakaompandisha mita 500 kwenda juu, na miguu yake inatoa wati 200 mfululizo, yaani jouli 200 za nishati kila sekunde, kiwango ambacho mtu mwenye mazoezi ya kutosha anakimudu. Tuweke upepo pembeni kwanza. Kuinua kilo 85 mita 500 kunadai takriban jouli 417,000, yaani karibu dakika 35 za kukanyaga. Sasa ondoa kilo moja. Kilo hiyo peke yake ilikuwa inadai jouli 4,905. Gawanya kwa 200, unapata sekunde 25, au hata pungufu kidogo.

Sekunde 25 ndani ya dakika 35, na kilo nzima haipatikani kwa kubadili bomba la kiti tu. Kwenye baiskeli ambayo si nzito kupita kiasi, kilo moja ni magurudumu, kiti, usukani na kranki, kila kimoja kikichangia gramu zake mia moja au mia mbili na kila kimoja kikidai malipo yake. Wakati huohuo chupa ya mililita 750 iliyojaa maji imebeba robo tatu ya kilo, na sijamsikia mtu akiilalamikia. Ukishuka kwenye barabara tambarare hali ndiyo inakuwa mbaya zaidi kwa wapenda wepesi: kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kilo ya ziada hula chini ya nusu wati.

Tuje kwenye matairi. Kila tairi linapobingirika hubonyea pale linapogusa barabara kisha hurudi, na katika kubonyea na kurudi huko nguvu kiasi hupotea kama joto. Kwa tairi nene lenye mpira mgumu, nguvu inayokurudisha nyuma inaweza kufika saba kwa elfu ya uzito wote uliobebwa. Kwa tairi zuri lenye kuta laini ni nne kwa elfu, au chini ya hapo. Tofauti ya tatu kwa elfu inasikika kama mzaha. Lakini kwa kilo zetu 85, kwenye kilomita 30 kwa saa, mzaha huo ni wati 20.

Rudi nao mlimani. Kama mwinuko ni wa asilimia 7, mita 500 za kwenda juu zinakuwa kilomita 7 na ushei za barabara. Matairi magumu yatakudai karibu jouli 18,000 zaidi njiani, ambazo kwa wati 200 ni karibu dakika moja na nusu. Hapo ndipo hesabu hii iliponikaa kichwani na kugoma kutoka. Mlima ndio uwanja wa nyumbani wa wepesi, mahali ambapo kila gramu inatakiwa ing'are, na hata hapo jozi ya matairi imeizidi kilo nzima zaidi ya mara tatu. Uwanja gani mwingine umebaki?

Si habari mpya. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alisajili tairi lake la kujazwa upepo, na mwaka uliofuata Willie Hume akalipeleka mashindanoni Belfast akawaacha wenzake waliokuwa wakiendesha matairi ya mpira mtupu. Miaka yetu hii waendeshaji wa kulipwa walioapa kwa matairi ya upana wa milimita 23 yaliyojazwa hadi yakawa kama mti wamehamia 25, kisha 28, na kwenye barabara za mawe za mbio za Paris–Roubaix wanapita 30. Tairi pana lenye upepo wa wastani humeza vikwaruzo vya barabara, na gumu humrusha mwendeshaji juu kidogo kwa kila kikwaruzo, naye ndiye anayelipa gharama ya kurushwa huko.

Wapinzani wana neno hapa, na ni neno zito. Tairi laini huisha haraka na hutoboka kirahisi. Pancha moja kando ya barabara, na kutoa tyubu, na kupapasa ndani ya tairi kutafuta kile kipande cha kioo, vinakula dakika kumi na zaidi, na wati zako 20 zote zimekwenda na upepo. Anayepita kwenye miiba kila siku asinisikilize mimi, ainunue ile nene na aende zake. Ila kati ya nene na laini yapo ya katikati yenye utepe wa kinga chini ya mpira, na hata mwenye tairi nene anaweza kupunguza upepo kidogo leo hii bila kununua chochote.

Wepesi nao una haki yake. Kwenye mashindano sekunde 25 ni tofauti ya mshindi na wa saba, na UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, wasingeweka tangu mwaka 2000 sheria kwamba baiskeli ya mashindano ya barabarani isipungue kilo 6.8 kama wepesi usingekuwa na mvuto. Anayepandisha baiskeli ngazini mpaka ghorofa ya nne ana sababu ambayo hesabu zangu haziigusi. Na ile hisia ya baiskeli nyepesi inaporuka mbele ukisimama kwenye pedali ipo kweli, hakuna anayeibuni. Ninachokataa ni hadithi iliyojengwa juu yake, kwamba gramu moja ya gurudumu ni sawa na gramu kadhaa za fremu. Gramu ya kwenye rimu, ile pete ya nje inayoshika tairi, huhesabika kama mbili, tena kwa kukadiria juu, na wakati wa kuongeza kasi tu. Ukishashika mwendo wako mlimani ni gramu kama nyingine yoyote.

Jambo linaloniuma zaidi ni giya, kwa sababu limefunikwa na aibu. Chukua baiskeli ya zamani ya mbio yenye meno 39 mbele, kwenye giya ya pedali, na giya kubwa ya nyuma yenye meno 25. Mzunguko mmoja wa pedali hukusogeza mita 3.3 hivi. Ukitaka miguu izunguke angalau mara 60 kwa dakika, huna ruhusa ya kwenda chini ya kilomita 12 kwa saa, na kwenye mwinuko wa asilimia 10 mwendo huo unadai karibu wati 290 kutoka kwa mtu wetu wa kilo 85. Wengi wetu hatuna. Badili uweke meno 34 mbele na 32 nyuma: mzunguko ni mita 2.2, unaweza kwenda kilomita 8 kwa saa, na wati zinashuka chini kidogo ya 200. Mlima ni uleule na miguu ni ileile, ila huyu anapanda ameketi na yule anasukuma kwa mkono. Kipuri kilicholeta tofauti hiyo kimeongeza gramu, hakikupunguza! Ukikiweka kwenye mizani ya duka kitaonekana hasara.

Aibu hiyo ina historia. Mashindano ya Tour de France yalikataza vihamisha mnyororo, vile vinavyoubadilisha giya mwendo ukiendelea, hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo waendeshaji walisimama chini ya mlima, wakalifungua gurudumu la nyuma na kuligeuza upande wa pili wenye giya nyepesi. Tabia ya kuiona giya nyepesi kama udhaifu haijafa. Bado wapo wanaoangalia giya ya meno 32 nyuma ya baiskeli yako wakatabasamu.

Kuhusu mkao sina mengi. Goti libaki limepinda nyuzi 25 hadi 35 pedali inapofika chini kabisa, kiti kiwe na upana wa mifupa unayokalia, na usukani usikulazimishe kujinyoosha. Kazi kubwa ya hapo ni ufunguo wa alen na subira.

Wengine watasema nusu ya ninayotetea si maboresho bali ni matengenezo. Sawa, lakini mfuko ni uleule. Vua raba za breki za rimu uzitazame kwenye mwanga: mara nyingi utakuta vipande vidogo vya alumini vimezama kwenye mpira, vinametameta, na ndivyo vinavyoikwangua rimu kila unapofunga breki. Pima mnyororo kwa rula. Pini 24 za kuhesabu kutoka ile ya sifuri zinatakiwa ziwe milimita 304.8, zikifika 306.4 umekwisha, na ukiuacha utayala meno ya giya mpaka mnyororo mpya ukatae kuyashika. Kumfunga kranki ya kaboni mtu mwenye mnyororo wa namna hiyo ni kumvika kilemba aliye pekupeku.

Kambi ya tatu ndiyo ninayoihofia, maana mara nyingine ina haki: uza, ununue nyingine. Vipuri vya kununua kimojakimoja hugharimu kuliko vikiwa vimefungwa pamoja kiwandani, na kipuri kimoja huvuta kingine. Magurudumu mapya yanataka giya za nyuma mpya, giya mpya zinataka vishikizo vipya vya kubadilishia, vishikizo vinataka kihamisha mnyororo kinachovutwa kwa kipimo chao. Fremu isiyo na sehemu ya kufungia breki za diski haitazipokea hata ukilia. Ukifika hapo, acha kununua vipande. Lakini matairi, raba, mnyororo na giya moja pana ya nyuma havikufikishi hapo, mradi kihamisha mnyororo chako kinaweza kuyabeba meno hayo.

Na kama hayo yote umeshayamaliza na bado una hamu ya magurudumu mepesi, nunua, sina ugomvi nawe. Kwanza pima nafasi kati ya miguu ya nyuma ya fremu. Milimita 130 na milimita 135 ukizitazama kwa macho utadhani ni kitu kimoja, na gurudumu lililokosewa litarudi dukani likiwa bado jepesi.